Mkono wa Bi Mize

Wallahi, kwa meno yangu manne yaliyobaki, haya ni kweli tupu. Tangu kliniki za mazoezi zifungwe, kila aliyepata kiharusi mtaani hupewa glavu mbili: yeye huvaa moja, jamaa yake huvaa ya pili, na mkono uliolala hufuata kila ufanyalo ule mzima wa jamaa.

Mzee Kombo alitakiwa akande unga kila asubuhi ili mkono wa mkewe, Bi Mize, uamke kabla glavu hazijarudishwa Ijumaa. Yeye akaenda barazani kucheza bao.

"Umekanda?" Bi Mize alimuuliza aliporudi.

"Mpaka jasho, mke wangu."

"Mwongo we! Mkono wangu umeshinda ukigawa kete juu ya shuka. Na ulivyokipiga kitanda kwa hasira, najua wenzio wamekufunga!"

Kombo akavuta sinia la unga. Alikanda siku hiyo, na kila siku hadi Ijumaa, glavu zilipochukuliwa.

Bi Mize akakunja vidole mwenyewe, akacheka. Kombo alitaka kupiga makofi, lakini vidole vyake navyo vilikuwa vikijikunja bila kuambiwa, vikifuata vya mkewe.

"Sasa," alisema Bi Mize akinyoosha mkono, "tukande unga wa jirani."

Mkono wa Kombo ukalifuata sinia.