Kofia ya Kipa

Kipa wa Kildrum, timu ya magongo ya barafuni, alitolewa kwa machela, goti limeteguka. Refa akamwendea nahodha, Wendell.

"Mna kipa mwingine?"

Hawakuwa naye. Vijana walishahamia mjini kutafuta kazi, na ligi ilishaonya kwamba wakishindwa tena kumaliza mechi, timu inafutwa.

"Kalaleni, babu zetu!" wageni wakawazomea.

Wendell, beki tangu ujana wake, aliokota kofia ya kipa. Ilikuwa bado ina joto, na jasho la mwenzake likamchuruzika shingoni alipoivaa.

"We, umewahi kudaka?" kocha akauliza.

"Leo ndiyo naanza. Nifunge hizi pedi, kaza."

Kisahani cha kwanza kilimpiga kifuani kama nyundo. Wendell akakilalia hadi filimbi ikalia, kisha akainuka akihema.

"Leteni kingine!"