Ng'ombe wa Verlyn

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe 9 Juni 2020, siku Serikali ilipomlipa Verlyn Oestreich fidia ya korona kwa ng'ombe wake thelathini. Verlyn hakuwa na ng'ombe hata wa dawa.

Kosa halikuwa lake. Ofisi ya kilimo ya kaunti ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa, wakubwa wakawa wanauliza watu kwa simu. Binti mmoja akataka kujua ana ng'ombe wangapi. Verlyn, ambaye tangu amzike mkewe alikuwa haongei na mtu wa Serikali bila kuchemka, akasema thelathini, ili tu amkomoe. Wakaamini. Nchi inaendeshwa na watu wa namna hiyo.

Fedha ikaishia kwenye paa la ghala. Kisha ikaja simu ya pili: Ijumaa anakuja mkaguzi. Asipoona ng'ombe, Verlyn arudishe kila senti, la sivyo shamba lipigwe mnada. Na shamba lenyewe ndimo alimolala marehemu mkewe, Marlys.

Akaenda kwa jirani yake, Duane Kratochvil, ambaye ng'ombe walikuwa wamemjaa mpaka barazani.

"Niazime hawa mpaka Ijumaa jioni."

"Wewe mzee utatufungisha," Duane akasema huku akicheka. "Haya, beba. Na ukimaliza kaa nao tu, sina haraka."

Verlyn akashangaa. Tangu lini Duane ana mkono wazi? Huyu huyu aliwahi kumdai misumari mitatu. Lori lilipofunguliwa, ng'ombe wakapanda wenyewe bila kuswagwa, mmoja nyuma ya mwingine, kama watoto wa shule wanaopanda basi. Masikioni hawakuwa na hereni za namba za kumtambulisha mwenyewe. Mjanja sana Duane, Verlyn akajisemea.

Ijumaa akafika mkaguzi, Bi. Pruitt, barakoa imempanda mpaka chini ya macho. Akahesabu. Akasimama mbele ya mmoja mwekundu, sikio limekatika nusu, akamtazama kama mtu anayetafuta jina lililomtoka.

"Huyu nimemwona wapi?"

"Ng'ombe wote sura moja, mama. Kama nyinyi wa ofisini na hizo barakoa."

Bi. Pruitt akatia sahihi, akaenda zake. Shamba likapona.

Verlyn akampigia Duane. "Njoo uchukue wanyama wako, wananimalizia maua ya Marlys."

"Wangu?" Duane akasema. "Mimi niliazima kwa Agnes Holub, alipomaliza kukaguliwa yeye."

Agnes, mjane wa shamba la pili, naye akaruka. "Usinitwishe, Verlyn. Mimi nilipewa na Mchungaji. Si unajua naye analima? Muulize."

Akampigia Mchungaji. Mchungaji akakohoa kwanza.

"Nilikuwa nasubiri unipigie, ndugu yangu. Nilijua umekasirika. Nilipita kwako siku moja nikakukosa, nikawakuta wamesimama kwenye malisho yako ya ng'ambo ya kijito. Nikasema nawachukua mara moja tu nikaguliwe, nitamweleza Jumapili. Jumapili wakubwa wakafunga kanisa."

Verlyn akageuka, simu sikioni. Nje, yule mwekundu alikuwa ameingiza kichwa dirishani, anatafuna pazia.

"Verlyn?" Mchungaji akaita. "Kwani si wako?"