Tufe la Aksel

Preben alichomeka ukucha chini ya kitofali chekundu, akavuta. Hakikutoka. Akajaribu cha pembeni, kisha akaligeuza tufe na kujaribu upande wa nyuma. Hakuna kilichosogea.

"Gundi!" alisema, na uso ukamng'aa.

Katika chama chao pale Jutland, Denmark, wanaume wenye mvi hujenga matufe kwa vitofali vya kuchezea, vile vya plastiki vinavyobanana kimoja juu ya kingine. Watoto huvichezea, hawa hawachezi. Kila kitofali kinapaswa kushikwa na mwenzake tu. Ukipaka gundi umejivua nguo: tufe lako huangushwa sakafuni mbele ya wote, na mabaki hutupwa.

Preben ndiye aliyewahi kumtangaza Aksel, rafiki yake tangu utotoni, kuwa mtu wa gundi. Ushahidi hakuwa nao, ila alikuwa na mdomo, na mdomo ulitosha. Aksel alikana mpaka akachoka. Walimfukuza, na hakukanyaga tena ukumbi ule mpaka saratani ilipommaliza.

Asubuhi hiyo ya maonyesho, Sidsel, binti wa Aksel, alikuwa ameingia amelikumbatia tufe kifuani.

"Amelijenga mwenyewe, kitandani hospitalini," aliwaambia. "Mimi nimemalizia kulifunga tu. Aliomba akae mezani na wenzake, hata siku moja."

Orla, mwenyekiti, alilipokea akaguna. "Mama yangu, uzito huu! Kumbe marehemu hakubania vitofali."

Watu wakacheka. Sidsel hakucheka.

Preben alikohoa. "Sikuja kanisani kumuaga, Sidsel. Mguu ulinisumbua."

"Mguu wako tunaujua, Preben."

"Na makaburini mnaenda lini?"

"Kesho. Leo hapa kwanza."

Waliliweka mezani, kati ya vibendera vyekundu na keki. Sidsel alisimama kando yake muda mrefu, kisha akaenda kupanga foleni ya kahawa, huku akigeuka geuka kulitazama.

Hapo Preben hakuweza kutulia. Kama tufe lile lilikuwa safi, basi Aksel alikuwa safi siku zote, na yeye alikuwa amemzika rafiki yake akiwa hai, kwa wivu tu. Wivu wenyewe aliujua vizuri. Hakuna aliyejenga matufe ya duara kamili kama Aksel. Ndiyo maana alinyoosha ukucha. Na ndiyo maana, kitofali kilipokataa kutoka, karibu atokwe na machozi ya furaha.

"Njooni mjionee!" alipaza sauti. "Mliniita mzushi nyuma ya mgongo wangu, mnadhani sikusikia? Haya, vuteni wenyewe!"

Orla alivuta. Akavuta tena, akatikisa kichwa. "Ni gundi kweli. Lakini mwache, Preben. Mtu keshakufa."

"Kufa ndiko kunasafisha? Hata kitandani hakuacha mchezo wake! Wewe ulipokamatwa na gundi, Orla, tufe lako tulikuachia?"

Orla akasogea kando. Wengine wakatazama viatu vyao, wakarudi nyuma kidogo kumpa nafasi. Kanuni zao waliziheshimu kuliko walivyoheshimiana.

Preben aliliinua tufe juu ya kichwa chake. Kule kwenye foleni Sidsel alimwona, akapiga ukelele, akaja mbio kahawa ikimmwagikia mkononi.

"Preben, usi—"

Aliliachia.

Lilipasuka vipande viwili. Majivu yalimwagika juu ya viatu vya Preben, laini na ya kijivu, pamoja na kile kijiwe cha namba kinachoingia na kila jeneza kwenye tanuri la kuchomea maiti. "Gundi ni yangu, nilimfungia asimwagike," Sidsel alisema, akapiga magoti, akaanza kumkusanya kwa viganja.