Kipimo cha Lewis

Vidole vya Jacinta ilibidi vikunjuliwe kimoja kimoja ndipo mkoba ukatoka. Alikatwa panga mara saba katikati ya majani chai yake mwenyewe, na hata kufa hakukumfanya auachie.

Ulikuwa mkoba wa safari, wa kufungwa kiunoni, wenye nakshi za leso za kale: korosho nyekundu juu ya kitambaa cheusi. Kijiji kizima cha Itumbe kilijua ni kazi ya Drusilla, aliyenakili michoro hiyo kutoka leso za marehemu mama yake. Kijana gani wa pale alipanda basi la Nairobi bila mkoba kama huo?

Kabla ya saa tatu asubuhi umati ulikuwa mlangoni pa duka lake.

“Mama Ochoki, hii mkoba ni ya nani?” aliuliza Nyakundi, shemeji wa marehemu, rungu mkononi.

Drusilla aliupokea mkoba akaangua kilio. Yeye na Jacinta waliolewa mwaka mmoja, wakabatizwa mtoni siku moja, na Jumapili iliyopita tu walikuwa wakichuma chai bega kwa bega. Aliumia, aliumia kwelikweli.

“Nakshi ni moja kwa wote,” alisema alipopata sauti. “Kiuno ndicho tofauti.”

Hilo nalo lilijulikana. Drusilla hakushona mkanda wa kulegezwa. Mkanda unaolegea, alikuwa akisema, ndio rafiki wa mwizi. Kila mteja alipimwa kiuno kwa uzi, na uzi huo ukaning'inizwa msumarini chumba cha nyuma pamoja na jina lake. Mkanda ulikatwa kwa kipimo hicho hicho, basi.

“Nipeni nafasi nilinganishe nyuzi,” alisema, akaingia nyuma ya pazia na ule mkoba.

Alikawia. Nje walisikia kwikwi zake, wakaambiana wamwache, alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, ananyonya kidole gumba, na uzi mmoja ameulaza sambamba na mkanda. Haukuzidi wala kupungua hata upana wa ukucha.

“Lewis,” alisema.

Walikuwa wameshalitarajia jina hilo. Lewis, karani wa kituo cha kupimia chai, juzi tu alimrudishia Jacinta majani akidai ni magumu, na Jacinta akamtukana mbele ya watu.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Nyakundi, akatangulia.

Walimburuta Lewis kutoka kituoni, kalamu ingali mkononi. Wakamzungushia mkanda kwenye kile kiuno chake chembamba, na kifungo kikashika pale pale. Umati ukanguruma.

“Mama Ochoki, waambie! Yangu si bado hujamaliza? Si ulisema nikuje Ijumaa? Nyasae, Mungu wangu!”

Drusilla alitazama chini. Wengine walicheka, muuaji hakosi la kusema.

Rungu la Nyakundi lilimvunja taya, kwa hiyo hakusema tena. Alipojikunja kulinda kichwa waliivunja mikono, kwanza mmoja, halafu mwingine. Mawe yakafuata. Mzee wa kanisa aliyemfundisha kuimba alirusha lake kama wengine, tena akaokota la pili. Inauma kusimulia: watu waliokula harusi pamoja walishindana kulenga. Polisi walipofika palikuwa na shati la buluu, na mkoba wenye damu juu ya damu, na kila mtu alikuwa amekwenda shambani kwake.

Drusilla alirudi dukani akafunga mlango kwa komeo. Alipiga magoti chini ya cherehani, akapapasa sakafuni mpaka akakipata: kipande cha mkanda, urefu wa shubiri moja, korosho zake zimekatwa katikati. Akang'oa uzi mmoja mrefu msumarini, akavitupa vyote kwenye jiko la makaa.

“Amekufa?” Ochoki aliuliza kutoka chini ya kitanda cha chumba hicho cha nyuma.

“Amekufa,” alijibu mama yake. “Toka sasa, mwanangu, unywe chai.”