Mashuka Mabichi

Kampuni ya Mbodze ilitabiri vita kwa picha za satelaiti zilizo wazi kwa kila mtu. Asubuhi aliona mtaa wake mwenyewe, jua kali na kamba za kuanikia nguo zikiwa tupu, akaripoti kwamba watu wanajiandaa kukimbia; mchana ripoti ikatangazwa. Jioni ndipo alipokumbuka: palikuwa na msiba, na kwao hakuna anayefua kabla ya maziko.

Nyumbani alimkuta mumewe akianua mashuka mabichi yaliyofuliwa baada ya maziko. Majirani walikuwa wanapakia magari kimyakimya.

“Baba Dama, nilikosea. Ulikuwa msiba tu.”

“Tunajua. Sote tulikuwa makaburini. Lakini ripoti zenu hazijawahi kukosea.”

“Sasa tunamkimbia nani?”

“Si ninyi ndio mnaojua?” akasema, akampa ncha ya shuka wakunje.

Mbodze akaishika.