Kofi la Shemeji

Kofi lilimkosa Kivuli kwa mara nyingine, likampata mshika maikrofoni.

"Kata," alisema mwongozaji, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuishi. Mwigizaji aliyecheza mke wa Kivuli alijishika kiwiko, akaenda kukaa juu ya sanduku la nyaya. Mkono ulikuwa unamuuma tangu asubuhi.

"Nisameheni," alisema Kivuli. "Kichwa kinaondoka chenyewe. Mimi nakuwa nimeshakubali, chenyewe kinakataa."

Maskini, hakuwa anatania. Kabla ya kuingia kwenye televisheni, Kivuli alikuwa bondia, na jina hilo alibandikwa ulingoni na watu waliochoka kupiga hewa. Tamthilia ilimchukua kwa sababu ya pua yake, iliyonyooka kama rula, jambo ambalo mtayarishaji hakuwahi kuliona kwa bondia. Sasa alikuwa mwenye duka, mume mpole ambaye mkewe anamzaba kofi, anaanguka, anapoteza kumbukumbu, halafu anahangaika hadi mwisho wa tamthilia kutafuta yeye ni nani. Bila kofi hakuna kusahau, na bila kusahau hakuna tamthilia.

"Si apige pembeni tu?" aliuliza dada wa vipodozi. "Mlio tutauweka baadaye."

Mwongozaji alimtazama kama ametukanwa. "Kofi la uongo mimi nalijua hata nikifumba macho. Hapa nataka ukweli. Akishindwa kupigwa na kesho, nafasi yake tunampa mtu mwingine."

Kivuli alirudi nyumbani amenywea. Kazi hii aliipenda kwa moyo wote. Alipenda hata kule kukaa na kusubiri taa zirekebishwe. Alimwomba mkewe amsaidie kofi moja la mazoezi, mke akakataa katakata. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuwasalimu, ndiye aliyevua bangili.

"Kama ni kwa ajili ya familia, mwanangu, nitajikaza," alisema.

Alirusha kofi ambalo kwa dalili zote lilikuwa limesubiri miaka. Kivuli akainama, kofi likagonga ukuta, na picha iliyotundikwa pale ikapinda. Majirani walisikia kishindo, wakauliza kuna nini, wakapanga foleni kusaidia. Mwenye nyumba aliomba zamu mbili. Hakuna aliyempata hata ncha ya sikio.

Walipoondoka, mke aliinyoosha ile picha, akaifuta vumbi kwa upole kama kawaida yake. Ilimwonyesha Kivuli akiwa chali ulingoni, mkono mmoja umefunika macho, mguu wa kushoto unaning'inia kwenye kamba. Ilikuwa zawadi yao ya harusi, kutoka kwa kaka wa mke.

Kaka huyo alijulikana kama Nyundo, na ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumwangusha Kivuli. Kabla ya pambano lile hakutaka hata kusikia habari za bondia huyo na dada yake. Alimwambia mbele za watu akatafute mke kwingine. Lakini alipomlaza chali, roho ilimlainika. Alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, akasema mtu aliyepigwa kiasi kile anahitaji mke wa kumkanda. Tangu hapo Nyundo ana mkanda wa ubingwa na ukumbi wake wa mazoezi, na hakuna harusi wala msiba ambao hajaisimulia ngumi ile. Kivuli hakupanda tena ulingoni.

"Sasa si mumwite kaka mtu?" alisema mama mkwe, akijikanda kiganja.

Mke alimtazama mumewe. Kivuli akakuna kichwa, akasema haya, aitwe.

Nyundo alifika studio amevaa mkanda juu ya koti, dada yake akimfuata nyuma. Wakamvua vyote, wakamvika blauzi ya maua na kitambaa cha kichwa, kwa kuwa kamera ingemchukua kwa mgongo tu.

"Usiogope, shemeji," alisema. "Nitakugusa kidogo. Nguvu zangu nazijua."

"Nipige tu, shemeji. Kazi yangu iko mkononi mwako."

Kofi la kwanza lilipita hewani, Nyundo akacheka. La pili likapita, akacheka kidogo. La tatu alilirusha kwa mwili mzima, kitambaa kikamtoka kichwani, na bado halikugusa kitu. Nyundo aliutazama mkono wake, akautazama mkanda wake pale kwenye kiti, na midomo ikaanza kumtetemeka kama ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "mbona siku ile..."

"Siku ile ulitumia kushoto," alisema Kivuli haraka. "Tumia kushoto."

Nyundo alifunga kitambaa upya, akavuta pumzi, akarusha kwa mkono wa kushoto. Aliyesimama pembeni angeona kwamba kati ya kiganja na shavu palikuwa na nafasi ya kupitisha sahani. Kivuli alirushwa nyuma, akagonga rafu ya sabuni, akaanguka chali. Mkono mmoja ulifunika macho. Mguu wa kushoto ukabaki unaning'inia kwenye kaunta ya duka.

"Mnaona?" alisema Nyundo, akipuliza kiganja kana kwamba kimeungua. "Mnaona, jamani?"

"Huo sasa ndio ukweli," alisema mwongozaji, machozi yakimlengalenga.

Mke wa Kivuli alitoka pembeni alikokuwa amesimama, akapiga magoti kumfuta mumewe vumbi, akamwinamia sikioni.

"Mguu umechelewa tena," alinong'ona. "Si nilikwambia tangu tulipokuwa tunafanya mazoezi kwenye godoro la mama? Mguu kwanza, mkono baadaye."