Upinde wa Kitinda

Kabla hakujapambazuka, Bibi alisikia zipu ikifunguliwa taratibu sebuleni. Kisha kitu kigumu kikagonga sakafu, ko, na mtu akashusha pumzi.

Alichungulia. Mjukuu wake mkubwa alikuwa amepiga magoti mbele ya begi, mikononi ameshika pinde mbili, miguu bandia ya kukimbilia ya mdogo wake, Kitinda, mmoja laini na mmoja mgumu. Kitinda alikatwa mguu wa kulia akiwa na miaka kumi na miwili. Upinde laini ndio aliopimwa nao wiki iliyopita. Ule mgumu unarusha zaidi, na kamati ya mashindano imeukataza.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Nampangia Kitinda vitu vyake, Bibi. Unamjua, angesahau hata kichwa."

Bibi alirudi kitandani, lakini usingizi ulikuwa umekwisha. Timu ya mita mia ilibakiwa na nafasi moja tu. Leo mashine ingeamua. Upinde ukisukuma kwa nguvu pungufu kuliko mguu mzima, nafasi ni ya Kitinda. Ukisukuma sawa au zaidi, watasema kifaa kinambeba, na nafasi itakwenda kwa dada yake, huyo aliyekuwa na begi.

Aseme alichokiona, amwaibishe mmoja. Anyamaze, amdhulumu mwingine. Alinyamaza.

Chumba cha vipimo hakikuwa na dirisha, na mlango ulijifunga wenyewe nyuma yao. Katikati palikuwa na mkanda wa kukimbilia, na chini yake bamba linalopima nguvu ya kila hatua. Fundi wa vipimo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpa Bibi kiti chake mwenyewe akabaki amesimama.

Dada alimvalisha Kitinda upinde, akapitisha kidole pembezoni kuona kama hauchubui ngozi. Ndiye aliyemfundisha kutembea tena, kisha kukimbia.

"Unabana?"

"Dada, unapima kama fundi cherehani."

"Kimbia huko, usinipotezee muda."

"Nikikataliwa leo, utalia?"

"Nitalala mpaka saa sita mchana. Panda!"

Mkanda ukaanza. Kitinda alikimbia akimtazama dada yake. Kwenye skrini ilicheza mistari miwili, mmoja wa kila mguu. Wiki iliyopita mstari wa upinde ulikuwa chini ya ule wa mguu mzima. Leo mistari ilikwenda sambamba, ikilingana kama mapacha.

"Rudia," alisema Fundi.

Alirudia mara mbili. Sambamba.

Dada aliziba mdomo kwa taulo. Bibi aliitazama mikono ile, kisha mlango uliofungwa. Hewa ya chumba ilikuwa imemwishia.

"Baba," alimwambia Fundi, "hebu ukague huo upinde. Usije ukawa ule mgumu."

Dada aligeuka akamtazama. Bibi aliinamisha kichwa.

Fundi alipiga goti, akasoma namba iliyochongwa nyuma ya upinde, akailinganisha na karatasi ya wiki iliyopita.

"Ni uleule laini, mama. Na umefungwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejali."

Dada aliweka taulo begani mwa mdogo wake, polepole, akatoka nje. Bibi alitaka kumfuata. Alibaki kitini.

Fundi alisubiri mlango ujifunge. Alichuchumaa mbele ya Kitinda, akamwonyesha karatasi mbili, akanong'ona. Lakini Bibi alikuwa ameketi karibu.

"Upinde umesukuma kama wiki iliyopita, haukuzidi wala kupungua. Ulioulegeza ni huu mguu wako mzima, mara zote tatu, ili mistari ilingane. Haya siyaandiki; mimi leo sikupima mtu. Njoo tena Alhamisi, mwanangu."